Vumbi la Makole na faida inayopotelea kwenye koili

Mwenye nyumba ya kulala wageni pale Makole, mjini Dodoma, akifungua daftari lake la matumizi mwishoni mwa mwaka, hukuta fungu moja lililoandikwa kwa jina lisilo lake. Limeandikwa "gesi". Joto la Oktoba linapoanza, mgeni wa chumba namba 4 hulalamika kwamba kiyoyozi hakipoi. Fundi huitwa, hufunga geji yake, hutikisa kichwa, hujaza gesi, hupokea fedha zake na kuondoka. Novemba huitwa tena, safari hii kwa chumba namba 7. Ifikapo Krismasi mwenye nyumba amekwisha kushawishika kwamba mashine alizonunua ni za bandia, na anaanza kuulizia bei ya nyingine.

Katika safari nyingi za namna hiyo, gesi haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichokuwapo ni vumbi kwenye koili. Mfanyabiashara amelipia ugonjwa asiokuwa nao, na ugonjwa alio nao ameuacha uendelee.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa ukurasa unaozungumzia masoko. Lakini mtaji uliozikwa kwenye viyoyozi mjini Dodoma si mdogo tena. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa mwaka 2017, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, mahitaji ya vyumba, ofisi, maduka ya dawa na saluni yamepanda. Makole, kata ya siku nyingi iliyo jirani na katikati ya mji, yenye kituo chake cha afya na mitaa ya watu wa kipato cha kati, haikuachwa nyuma. Nyumba zilizokuwa za familia zimegeuzwa gesti, na vyumba vya mbele vimegeuzwa ofisi. Kwenye kibao cha mlangoni, baada ya neno "vyumba", huongezwa "AC", kwa kuwa chumba chenye AC hupangishwa kwa bei ya juu kuliko chenye feni. Kwa lugha ya uhasibu, kiyoyozi pale Makole ni kitega uchumi, na kitega uchumi kina gharama ya kukitunza. Gharama hiyo ndiyo ambayo wengi wameisahau walipokuwa wakipanga bei ya chumba.

Wapo wanaosema Dodoma haihitaji viyoyozi. Hoja yao ina uzito. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mgeni anahitaji blanketi kuliko kitu kingine chochote. Zipo gesti ambazo kiyoyozi ni cha kupigia picha tu kwa miezi minne. Lakini Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, mchana joto hupita nyuzi 30, kuta za tofali hushika moto hadi usiku wa manane, na mgeni anayefungua dirisha hukaribisha mbu, kelele na vumbi kwa pamoja. Mgeni huyo amelipa bei ya AC na atadai AC.

Na hapo ndipo tabu ya Dodoma inapoanza. Mvua za hapa huanza Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni ukame hadi mwisho wa mwaka, na katikati ya ukame huo upepo wa uwanda wa juu huvuma kwa nguvu, hasa Agosti na Septemba. Mitaa mingi ya ndani bado ni ya udongo, ujenzi unaendelea kila kona, na malori ya mchanga na kokoto hayana siku ya mapumziko. Maana yake ni kwamba kiyoyozi cha Dodoma hupokea vumbi la miezi mitano mfululizo, kisha, kikiwa kimejaa kabisa, hutakiwa kufanya kazi kubwa kuliko wakati wowote katika mwaka.

Tofauti na Dar es Salaam ni kubwa na inafaa kukumbukwa na wale wanaonunua ushauri kutoka pwani. Koili ya Dar es Salaam huliwa na chumvi. Hewa ya bahari hutafuna alumini taratibu hadi vibati vinamomonyoka kama majivu, na hapo hakuna maji wala sabuni itakayovirudisha. Koili ya Dodoma hailiwi, ila inakabwa. Mashine iliyokwisha pwani hutupwa, lakini mashine iliyokabwa na vumbi Makole mara nyingi ni nzima chini ya tope lake. Huu ni unafuu ambao mwenye gesti wa Dodoma amepewa bure na hali ya hewa, na hautumii.

Kwa asiyejua, koili ni bomba jembamba la shaba lililokunjwa kunjwa na kupitishwa katikati ya mamia ya vibati vyembamba vya alumini. Kiyoyozi cha kawaida cha vipande viwili kina koili mbili. Ya ndani ya chumba hunyonya joto la hewa. Ya nje, ile iliyo ndani ya sanduku lenye feni kubwa ukutani, hulitoa joto hilo na kulitupa barabarani. Kompresa ndiyo mchukuzi wa kati. Kazi yote hutegemea hewa ipite katikati ya vibati bila kizuizi. Vumbi likijaza nafasi hizo, vibati huwa kama vimevishwa sweta.

Koili ya nje ikivishwa sweta, joto hukosa pa kwenda. Presha ndani ya mabomba hupanda, kompresa hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, huvuta umeme mwingi zaidi na yenyewe huchemka. Mchana wa Novemba hufika mahali ikajizima ili isiungue, ikapumzika, ikawaka tena, ikajizima tena. Mgeni huona mashine inanguruma bila kupoza. Hali huwa mbaya zaidi pale wenye nyumba walipozibana mashine za nje kwenye kichochoro kimoja, tatu upande huu na tatu upande ule, kila moja ikimpulizia mwenzake hewa ya moto. Nyingine zimewekwa chini karibu na jiko la mkaa, au chini ya kamba ya kuanikia mashuka. Wizara ya Nishati ya Marekani hushauri watu wake waache nafasi ya kama sentimita 60 kuzunguka mashine ya nje. Pale Makole ipo mashine isiyokuwa na sentimita 15.

Koili ya ndani ikijaa uchafu, matokeo ni mengine, na hapa ndipo biashara ya gesi inapopata mwanya. Hewa ya chumba haipiti vya kutosha, kwa hiyo gesi iliyo ndani ya koili haipati joto la kuichemsha. Presha ya upande wa kunyonya hushuka. Koili hupoa kupita kiasi, unyevu huganda, na barafu huonekana. Fundi anapofunga geji yake nje, mshale unaonyesha presha ndogo. Fundi aliyesoma vizuri atapanda ngazi aangalie filta na koili ya ndani kabla ya kusema neno. Fundi mwenye haraka, au mwenye njaa, atasema gesi imepungua. Ataijaza. Kwa siku chache chumba kitaonekana kuwa afadhali. Halafu siku filta itakapooshwa, mashine itakuwa na gesi kuliko inavyotakiwa, presha itapanda kuliko ilivyokuwa awali, na kompresa itaanza kuumia kwa sababu nyingine kabisa.

Mfanyabiashara anapaswa kushika jambo moja hata kama hatashika mengine yote: gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye kandili. Imefungwa ndani ya mabomba na huzunguka humo humo miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana tundu. Kama pana tundu, kazi ya fundi ni kulitafuta na kuliziba, kisha kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa kipimo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Anayejaza bila kutafuta tundu anakubali mwenyewe kwa vitendo kwamba ama gesi haikupungua, ama itavuja tena. Katika hali zote mbili mteja ameibiwa, awe fundi amekusudia au hakukusudia.

Suala la gesi lina upande wa soko pia. Mashine za zamani hutumia gesi ya R-22. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilikubali kupunguza kundi la gesi hizo kwa asilimia 10 kufikia 2015, asilimia 35 kufikia 2020, na asilimia 67.5 kufikia 2025. Ifikapo 2030 zinatakiwa ziwe zimeacha kabisa, isipokuwa kiasi kidogo mno cha matengenezo hadi 2040. Bidhaa inayopunguzwa sokoni kwa mpangilio wa namna hiyo haiwezi kuwa rahisi, na huvutia mitungi ya kughushi. Mashine mpya zinakuja na R-410A, ambayo hufanya kazi kwa presha ya zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya R-22, au R-32, ambayo inaweza kushika moto. Fundi mwenye geji moja na mtungi mmoja kwa mashine zote ni hatari kwa mfuko wa mwenye nyumba na kwa yeye mwenyewe.

Sasa hesabu. Chukua gesti ya vyumba 10, kila chumba na mashine ya BTU 12,000 ya aina ya kawaida, ambayo huvuta karibu kilowati 1.1 kompresa inapozunguka. Kompresa ikizunguka kwa jumla ya saa 6 kwa usiku, ni uniti 66 kwa vyumba vyote, na kwa usiku 30 ni uniti 1,980. Bei ya umeme kwa watumiaji wa kawaida iliyowekwa na EWURA mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata kama shilingi 356. Gesti ikijaa mwezi mzima, viyoyozi peke yake vitakula kama shilingi 705,000.

Wizara ile ile ya Nishati ya Marekani inasema kubadili filta iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Hiyo ni filta tu, bado koili. Ukichukua asilimia 10 kwa uangalifu, gesti hiyo inapoteza kama shilingi 70,500 kwa mwezi vyumba vikijaa, au 35,000 vikijaa nusu. Kwa miezi mitatu ya joto ni 211,500 katika hali ya kwanza na kama 105,000 katika ya pili.

Gawanya kwa mashine 10. Maana yake ni kwamba, kwa akiba ya umeme peke yake, kuosha kila mashine mara moja kabla ya msimu kunalipa ikiwa bei ya kazi haizidi shilingi 21,000 kwa mashine kwa gesti inayojaa, na 10,500 kwa inayojaa nusu. Fundi akitaka zaidi ya hapo, hesabu ya LUKU haimuungi mkono, na mwenye gesti anayekataa hana kosa. Hili lisemwe wazi kwa sababu wauzaji wa huduma hizi hupenda kuahidi kwamba umeme utapungua nusu. Hautapungua nusu.

Hoja yenye nguvu iko kwenye kompresa, kwa kuwa ndiyo kifaa cha thamani kuliko vyote katika mashine. Ikiungua, wengi huona afadhali kununua mashine nzima kuliko kuibadili. Kompresa inayofanya kazi kwenye joto na presha kubwa kila Oktoba na Novemba huzeeka kabla ya wakati wake. Mwenye vyumba 10 aliyepanga mashine zake zidumu miaka 10 anatenga moja ya kumi ya thamani kila mwaka. Zikidumu 5, uchakavu umekuwa maradufu, na kwa kuwa hakuna mashine inayotengenezwa Dodoma, ya kuziba pengo itatoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam kwa bei inayofuata dola. Waagizaji walioumizwa na uhaba wa dola mwaka 2023 na 2024 hawahitaji kukumbushwa maana yake. Hapo ndipo 20,000 ya kuosha inapoonekana kuwa kitu kidogo, hata kwa gesti inayojaa nusu.

Kuna wanaolaumu umeme kwa kila kompresa inayokufa. Ni kweli kwamba umeme wa kupanda na kushuka huua kompresa, na kifaa cha kuilinda ni cha lazima. Lakini mgao uliosumbua mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulipungua makali baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa Februari 2024, na bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115 mashine zake zote 9 zikifanya kazi. Kisingizio cha TANESCO kimepungua nguvu kuliko vumbi lilivyopungua.

Lipo suala la wakati, ambalo wenye gesti wa Makole wangelifikiria kama wafanyabiashara badala ya kusubiri malalamiko. Soko lao hufuata ratiba ya Bunge. Kwa kawaida Bunge hukutana mara nne kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, Aprili hadi Juni kwa ajili ya bajeti, karibu na Septemba, na tena Oktoba au Novemba. Kikao cha bajeti ndicho kirefu na hujaza vyumba, lakini wakati huo baridi inaingia na viyoyozi havina kazi kubwa. Kikao cha Novemba ni kifupi, ila hukutana na joto kali na vumbi lote la kiangazi likiwa limekwisha kukaa kwenye koili. Katikati ya Septemba na Oktoba, vumbi la upepo mkali linapoanza kutulia na wageni hawajafika, ndiyo wiki za kuosha. Anayeosha Juni kwa sababu ana nafasi anaosha kabla ya vumbi. Ni sawa na kufagia uwanja kabla ya ng'ombe kupita.

Ushindani nao umebadilika. Treni ya umeme ilipoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ikawa ya chini ya saa nne. Mtu aliyekuwa akija kwa basi kufuata barua wizarani na kulazimika kulala Makole usiku mmoja, leo anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Usiku huo wa biashara hautarudi. Waliobaki kulala ni wenye hiari na wenye kuchagua, na mgeni anayechagua hatarudi kwenye chumba kilichomtonya maji ya kiyoyozi juu ya begi lake. Maji yale, kwa kusema tu, nayo ni uchafu: ute wa vumbi na unyevu huziba kimrija cha kutolea maji chini ya koili ya ndani, trei ikafurika na ukuta ukachafuka. Wenye nyumba hupaka rangi upya kila mwaka bila kuzibua mrija.

Gesti si waathirika peke yao. Duka la dawa lina zaidi ya faraja ya mteja hapo. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25, na mchana wa Novemba Dodoma huvuka viwango hivyo bila msaada wa kitu. Kiyoyozi kinachojizima saa nane mchana kwa kuchemka, mwenye duka akiwa amekwenda kula, kinaharibu shehena ambayo kwa macho haionekani kuharibika. Mgonjwa ndiye atakayelipa kwa mwili wake. Mwenye duka la dawa asiyekuwa na kipimajoto ukutani na daftari la kuandikia kila siku anafanya biashara gizani. Bucha na wauza vinywaji nao wana koili nyuma au chini ya friji zao, zimefunikwa na utando wa vumbi na mafuta ambao haujaguswa tangu friji ilipoletwa. Kanuni ni ile ile na brashi ni ile ile.

Kuhusu namna ya kuosha, wengi wanakosea kwa bidii. Filta za ndani, zile nyavu zinazovutwa kwa mkono, hazihitaji fundi. Mhudumu wa usafi azioshe kwa maji na sabuni kila baada ya wiki mbili wakati wa vumbi na azianike kivulini, kwani jua huzipinda. Koili yenyewe ni kazi nyingine. Umeme lazima uzimwe kwenye swichi kuu, si kwa rimoti. Vifaa vya umeme vifunikwe kwa nailoni. Koili ya nje ipigwe brashi laini kwa kufuata mstari wa vibati, kisha ioshwe kwa maji ya kasi ndogo kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi litoke lilikoingilia. Anayepuliza kutoka nje analishindilia katikati, na mashine itaonekana safi usoni huku imekabwa tumboni.

Kosa la kisasa ni mashine ya kuoshea magari. Kijana huipeleka mdomo karibu, tope linatoka kwa kishindo, mwenye gesti anafurahi. Vibati vya alumini ni vyembamba kama karatasi, vikilala kwa nguvu ya maji hufunga njia ya hewa kuliko vumbi lilivyokuwa limefunga. Bomba la mgongoni, lile ambalo wakulima wa zabibu wa Dodoma hulitumia kupulizia dawa mashambani, linatosha kabisa kwa kazi hii na kasi yake ni ya upole. Liwe jipya, lakini. Bomba lililowahi kubeba dawa ya wadudu lisiingie kwenye chumba cha kulala mtu. Vilevile sabuni za asidi kali ziachwe. Zinang'arisha alumini leo na kuitoboa baadaye.

Mwenye mashine atajuaje kwamba kazi imefanyika? Adai tarakimu. Fundi wa kweli ana mita ya kubana kwenye waya, inayosoma ampea. Asome kabla ya kuosha na baada ya kuosha, mbele ya mwenye nyumba, na namba mbili ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kipimajoto cha bei ndogo kionyeshe joto la hewa inayoingia kwenye mashine ya ndani na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili ya afya. Fundi asiyetaka kupimwa asipewe kazi. Baada ya misimu miwili daftari hilo litakuwa na thamani sokoni, kwa sababu anayetaka kununua gesti ataweza kuona mashine zimetunzwa vipi badala ya kuangalia rangi ya ukuta.

Mikataba ya pango ni eneo lingine lililolala. Mingi haisemi neno kuhusu kiyoyozi. Mpangaji wa ofisi husema mashine ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba husema anayepoa ndiye alipe, na koili hubaki katikati ya hoja mbili ikizidi kuziba. Mgawanyo wa haki ni mwepisi: usafi wa kawaida kwa mpangaji, kompresa na tundu la gesi kwa mwenye nyumba, na mpangaji asiyeweza kuonyesha risiti za usafi abebe sehemu ya kompresa ikiungua. Mistari mitatu kwenye mkataba ingemaliza ugomvi wa miaka mitatu.

Risiti zenyewe zina faida kwa baadhi ya watu. Kwa anayetunza hesabu kamili, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inaruhusu gharama za matengenezo kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi, mradi zithibitike. Fundi wa kijiweni asiye na risiti ya EFD humfanya mteja wake alipe mara mbili, kwanza kwa kazi na pili kwa kodi ya faida ambayo hakuipata. Kwa mfanyabiashara mdogo anayetozwa kodi kwa kiwango cha mauzo, unafuu huo haupo, na asidanganywe kwamba upo.

Kwa vijana wenye mtaji mdogo, hapa pana nafasi, ingawa si ya kutajirisha. Bomba, ngazi, brashi, nailoni, mita ya ampea na mafunzo ya majokofu na viyoyozi ambayo VETA hutoa, ndiyo mwanzo. Kikundi kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ulioanza tena mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Kinachofaa kuuzwa ni mkataba wa mwaka kwa gesti nzima, mashine 10 kwa bei moja, kwa kuwa safari moja ya mashine 10 ni nafuu kuliko safari 10 za mashine moja, na ndiyo njia pekee ya kukaa chini ya zile 21,000 bila fundi kufanya kazi ya hasara.

Tatizo lake ni msimu. Septemba hadi Novemba kazi ni nyingi kuliko mikono, na Mei hadi Julai simu hailii. Kikundi kitakachotegemea viyoyozi pekee kitafunga ofisi Juni. Friji za bucha na za vinywaji hazina msimu wa baridi, na wenye nazo pale Makole wako mlango hadi mlango; bado hakuna aliyezoea kuwagongea na brashi mkononi.